Kubadilisha Kaliba ya Bastola: Mtutu Mtupu ni Silaha?



Jamaa mmoja wa huku Marekani, mpenzi wa kulenga shabaha, anahamia Ujerumani. Bastola kaiuza, lakini kabaki na mtutu wa akiba wa kaliba nyingine. Kaniuliza: "Huu si chuma tu? Si nautia kwenye begi?" Nikaona jibu lake litatufaa wengi.

Tuanze na neno lenyewe. Kaliba ni upana wa tundu la mtutu. Wanaisimu wengi wanalirudisha kwenye Kiarabu, qalib, ndiyo hiyo kalibu yetu ya kumiminia madini. Wazungu nao wamelichota kisima hicho hicho.

Sasa, kaliba hubadilishwaje? Siri iko kwenye kitako cha ganda, maana hapo ndipo bastola inapoishika risasi. Chukua Luger ya Wajerumani. Risasi yake ya mwanzo ilikuwa ya milimita 7.65, ganda lina shingo kama chupa. Mwaka 1902 Georg Luger akaiondoa ile shingo, akapata risasi ya milimita 9, kitako kile kile. Basi ikatosha kubadili mtutu tu. Jeshi la majini la Ujerumani likaichukua bastola ya kaliba hiyo mwaka 1904, la nchi kavu 1908.

Marekani walifanya kinyume chake: .40 S&W ilitoka 1990, na 1994 ikaja .357 SIG, yenye kitako cha upana ule ule ila shingo imebanwa. Ndiyo maana Glock 22 inahama kutoka moja kwenda nyingine kwa mtutu peke yake.

Vitako vikitofautiana, kazi inaongezeka. Risasi ya .22 hupigwa ukingoni mwa kitako, si katikati, na nguvu yake ni ndogo, haisukumi chuma kizito. Kwa hiyo Colt walipotoa seti ya .22 kwa ajili ya bastola yao ya 1911, mwaka 1938, ilibidi sehemu yote ya juu ibadilishwe, na magazini pia.

Hatari ipo. Risasi ya milimita 9 inaingia vizuri tu kwenye mtutu wa .40, lakini ganda linapasuka ukifyatua. Soma maandishi ya mtutuni kila mara, na usichanganye risasi mfukoni.

Turudi kwa jamaa yetu. Sheria ya shirikisho ya Marekani inaihesabu fremu kuwa ndiyo silaha. Mtutu ni kipuri. Ujerumani mtutu ni sehemu ya msingi ya silaha, unahitaji kibali kama bastola nzima. Uingereza ndiyo usiseme: baada ya mauaji ya Dunblane ya 1996, sheria za 1997 zilipiga marufuku karibu bastola zote.

Nimemwambia auache huku huku. Chuma kile kile, ukivuka mpaka kinageuka kesi.

Nawasilisha.