Kutoka Swali Hadi Makala: Jinsi Andiko la Mpemba Lilivyojengwa

Mwanafunzi aagizwapo kuandika taarifa ya utafiti, jambo la kwanza alifanyalo kwa kawaida ni kutafuta kichwa cha habari. Huchagua kichwa kipana, kama vile "Maji na Matumizi Yake", kisha huenda maktaba akanakili kutoka vitabu vitatu au vinne mpaka kurasa zitimie. Kazi ya namna hiyo yaweza kupewa alama za kuridhisha, lakini haistahili kuitwa utafiti, kwani mwandishi wake hakuwa na jambo lolote alilotaka kulijua.

Tanzania inao mfano wa andiko lililoanza kwa njia nyingine, na mfano huo umejulikana ulimwenguni kote, ingawa watu wengi huusimulia kama kisa cha barafu tu. Mwaka 1969 jarida la Uingereza liitwalo Physics Education lilichapisha makala fupi ya Erasto Mpemba, aliyekuwa wakati huo mwanafunzi katika Chuo cha Wanyamapori cha Mweka, Moshi. Aliiandika pamoja na Dakta Denis Osborne, aliyekuwa akifundisha fizikia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho miaka hiyo kilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Kichwa cha makala hiyo kilikuwa neno moja tu la Kiingereza, Cool, likifuatwa na alama ya kuuliza. Alama hiyo ina maana kubwa, kama itakavyoonekana.

Chanzo chake ni mwaka 1963, Mpemba alipokuwa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari Magamba, huko Lushoto. Wanafunzi walikuwa na desturi ya kutengeneza aiskrimu: huchemsha maziwa, huyatia sukari, huyaacha yapoe, ndipo huyatia katika sehemu ya kugandishia ya jokofu. Nafasi jokofuni ilikuwa haba na yenye kugombewa. Siku moja mwenzake Mpemba, akichelea kuikosa nafasi hiyo, aliyatia maziwa yake bila kuyachemsha. Mpemba naye, kwa kuogopa kupitwa, aliyatia ya kwake yangali moto. Baada ya kama saa moja na nusu ya moto yalikuwa yameganda, na ya mwenzake yalikuwa bado uji mzito. Alipomwuliza mwalimu wake wa fizikia sababu, aliambiwa kuwa amechanganyikiwa, kwa maana jambo hilo haliwezekani.

Swali halikufa. Katika mji wa Tanga alisikia kwa rafiki yake, muuza aiskrimu, kwamba yeye naye hutia mchanganyiko ungali moto ili ugande upesi. Alipofika Shule ya Mkwawa, Iringa, kwa masomo ya juu, aliuliza tena wakati darasa lilipokuwa likijifunza kanuni ya Newton ya kupoa kwa vitu. Mwalimu alimjibu kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, wala si fizikia ya ulimwengu. Kuanzia hapo, kila alipokosea hesabu, wenzake walimtania kwa maneno ya namna hiyo hiyo.

Mtu mwingine angenyamaza. Yeye aliingia maabara ya biolojia, akachukua bika mbili za sentimita za ujazo 50, moja akaitia maji ya bomba na nyingine maji ya moto, akaziweka katika sehemu ya kugandishia. Baada ya saa moja barafu ilikuwa imejitokeza zaidi katika ile iliyokuwa ya moto. Dakta Osborne alipokuja Mkwawa kuzungumza na wanafunzi, Mpemba alisimama na kumwuliza: ikiwa vyombo viwili vilivyofanana vitatiwa maji ya kiasi kimoja, kimoja yakiwa na nyuzi 35 za Sentigredi na kingine nyuzi 100, kisha vyote vikatiwa jokofuni, kwa nini kile cha nyuzi 100 hutangulia kuganda?

Swali hili na lipimwe karibu, maana ndani yake umo tayari mpango mzima wa makala. Maziwa yametoka, sukari imetoka, na purukushani ya kugombea nafasi imetoka. Vilivyobaki ni vyombo vilivyofanana, ujazo uliolingana, hali mbili za joto zilizotajwa kwa tarakimu, na mahali pamoja pa kupozea. Kitu kimoja tu kinatofautiana. Kisa cha Magamba kisingeweza kujaribiwa na mtu wa mbali, kwa sababu hakuna ajuaye maziwa yalikuwa kiasi gani wala moto kiasi gani. Swali la Mkwawa laweza kujaribiwa na yeyote mwenye jokofu. Kulifikisha hapo kulichukua miaka, na miaka hiyo yapaswa kuhesabiwa kuwa sehemu ya kazi ya uandishi, japo hakuna ukurasa ulioandikwa.

Osborne hakuliamini jambo lenyewe, lakini aliahidi kulijaribu. Aliporudi Dar es Salaam alimpa kazi hiyo fundi wa maabara, kijana, ambaye alileta taarifa kwamba maji ya moto ndiyo yaliyotangulia kuganda kweli. Akaongeza kwamba wangeendelea kurudia jaribio mpaka wapate jibu lililo sahihi. Msomaji atacheka, lakini wanafunzi wangapi wamefuta tarakimu katika daftari zao kwa sababu hazikulingana na kitabu?

Majaribio yaliyofuata yalikuwa ya kawaida kabisa kwa vifaa. Maji kiasi cha sentimita za ujazo 70 yalitiwa katika bika za sentimita za ujazo 100, zikawekwa juu ya bamba la polistirini katika jokofu la nyumbani. Wakati wa kusubiri barafu ianze kutokea ulikuwa mrefu zaidi maji yalipoanzia karibu na nyuzi 25, na mfupi zaidi sana yalipoanzia karibu na nyuzi 90. Watafiti waliona kwamba maji yaliyopotea kwa kugeuka mvuke hayakutosha kueleza tofauti hiyo, wala hewa iliyoyeyuka majini. Waliona pia kwamba joto lilipotea zaidi kupitia uso wa juu wa maji. Bamba la polistirini lilitajwa kwa sababu chombo kikikalia barafu, joto laweza kupenya chini na kuvuruga kila kitu. Mwanafunzi mzembe angeona ni jambo dogo lisilostahili wino.

Kwa sababu hii ni busara kuanza kuandika kwa sehemu ya njia iliyotumika, siku ile ile ya jaribio, daftari likiwa bado na matone ya maji. Utangulizi, ambao wengi hung'ang'ana nao kwa majuma mawili, huandikika kwa urahisi baadaye.

Umbo la makala yenyewe ni la pekee. Sehemu ya kwanza ni ya Mpemba, akisimulia alivyoona na alivyojibiwa. Sehemu ya pili ni ya Osborne, yenye vipimo. Hawakuchanganya sauti zao, na hawakudai kwamba wamemaliza, ndiyo maana ya ile alama ya kuuliza.

Mwaka huo huo wa 1969 George Kell wa Kanada alichapisha makala juu ya jambo lilo hilo, akilieleza kwa maji kupungua kwa mvuke. Tena Aristotle, Bacon na Descartes walikwisha kulitaja karne nyingi kabla. Mwaka 1995 David Auerbach alielekeza fikira kwenye tabia ya maji kupoa chini ya nyuzi sifuri bila kuganda. Mwaka 2012 Chama cha Kifalme cha Kemia cha Uingereza kilishindanisha maelezo ya jambo hilo, yakaja zaidi ya 22,000. Kisha mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden walipinga jambo lenyewe: walipima muda wa maji kufikia nyuzi sifuri, wasione ushahidi wa kuridhisha, na wakaonyesha kwamba kuhamisha kipimajoto juu au chini kwa sentimita moja hivi kwaweza kuleta matokeo ya uongo.

Hapa ndipo mabishano mengi yanapokwama. Je, "kuganda" ni kufikia nyuzi sifuri, ni kutokea kwa barafu ya kwanza, au ni chombo kizima kuwa barafu? Mpemba aliona la mwisho huko Magamba. Osborne alipima la pili. Burridge na Linden walipima la kwanza. Mwanafunzi wa leo atakaye kulirudia jaribio hili shuleni kwake, na lingali lafaa kurudiwa, aandike maana aliyoichagua katika ukurasa wa kwanza wa daftari. Chini yake achore jedwali tupu lenye safu ya ujazo, ya joto la mwanzo, ya muda, ya kina cha kipimajoto na ya kitu kilichowekwa chini ya chombo, pamoja na mistari ya kutosha kurudia kila kipimo mara tano. Hayo yote yawe tayari kabla mlango wa jokofu haujafunguliwa.