Pasi imekufa? Usikimbilie bisibisi

Ni Jumapili jioni, sare za shule zinasubiri kunyooshwa na pasi haipati moto. Fundi yuko mbali, fedha ni za kuhesabu, na kwenye droo kuna bisibisi na selotepu. Katika nyumba nyingi, hapo ndipo baba, mama au kijana wa sekondari anapogeuka fundi.

Kabla ya kufungua skrubu ya kwanza, kuna mambo ambayo kila familia inapaswa kuyajua.

Umeme wa majumbani nchini ni wa volti 230. Kinachoumiza mwili ni mkondo unaopita ndani yake, na kiasi kinachohitajika ni kidogo mno. Miliampea 10 hivi zinatosha kukaza misuli ya mkono hadi mtu ashindwe kuachia waya alioushika. Kuanzia miliampea 30, mkondo ukipita kifuani, kupumua kunaweza kusimama na mapigo ya moyo yakavurugika. Mikono yenye jasho, sakafu iliyolowa na miguu peku huurahisishia umeme njia.

Wengi hudhani fyuzi ya kwenye plagi itawaokoa. Fyuzi ya ampea 13 hukatika mkondo unapozidi kiwango hicho, na hicho ni zaidi ya mara 400 ya miliampea 30. Kazi yake ni kulinda waya usiungue na nyumba isishike moto. Mtu anaweza kupoteza maisha na fyuzi ikabaki nzima.

Luku imeisha, plagi bado ukutani

Ajali nyingine huanza umeme ukiwa haupo. Luku imeisha, mtu anaona ndiyo nafasi ya kufungua feni au blenda bila kuchomoa plagi. Wakati huohuo mwenzake aliye kazini ananunua umeme kwa simu, anatuma tarakimu 20, mtoto anaziingiza kwenye mita. Umeme unarudi vidole vikiwa ndani ya kifaa.

Kuzima swichi ya ukutani nako hakutoshi. Kama soketi ilifungwa kinyume, swichi hukata waya wa nyutro, huku waya wa moto ukiendelea kufika kwenye kifaa. Dawa ni moja: chomoa plagi na uiweke mahali unapoiona.

Matengenezo yanayodanganya

Hatari haiishi kifaa kinapowaka tena. Yapo marekebisho yanayofanya kifaa kifanye kazi huku yakiondoa kinga yake.

La kwanza ni kuunganisha pasi moja kwa moja baada ya kidhibiti joto kufa. Pasi itapata moto, lakini haitajua pa kukomea. Ikisahaulika juu ya nguo, moto unaweza kuanza.

La pili ni kuziba nafasi ya fyuzi kwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara au kipande cha waya. Hitilafu ikitokea, waya utachemka kabla ya kitu chochote kukatika.

La tatu ni kuacha waya wa ethi, ule wa kijani na njano, kwa sababu kifaa kinawaka hata bila huo. Waya wa moto ukigusa bodi ya chuma ya pasi au birika, ethi ndiyo inayopeleka umeme huo ardhini na kufanya fyuzi ikatike. Bila ethi, bodi hubaki na umeme ikisubiri mkono. Kuchomeka plagi ya miguu miwili kwa kufungua tundu la juu la soketi kwa kalamu huleta hatari hiyohiyo, na watoto huiga.

La nne ni waya uliochubuka kufungwa selotepu ya karatasi za ofisini. Joto huilegeza, na mtoto mdogo huibandua.

Visivyofunguliwa nyumbani

Jiko la maikrowevu lina kapasita inayobeba zaidi ya volti 2,000, na inaweza kubaki na chaji hata baada ya plagi kuchomolewa. Televisheni za kichogo nazo huhifadhi chaji kubwa. Hivi viachwe kwa fundi mwenye mafunzo.

Mzazi anaweza kukagua waya kwa macho na kubadili fyuzi kwa saizi inayostahili. Blenda ya wati 350 hutumia chini ya ampea 2, hivyo fyuzi ya ampea 3 inatosha. Birika la wati 2,000 hutumia karibu ampea 9, hivyo linahitaji ya 13. Fundi akirudisha kifaa, muulize: ethi umeiunganisha? Kidhibiti joto kipo?

Mtu akinaswa na umeme

- Usimguse. Zima meni swichi au chomoa plagi. Ikishindikana, simama pakavu umsukume kwa mti mkavu au kiti cha plastiki.
- Piga 112 au tafuta usafiri wa haraka kwenda hospitali.
- Kama hapumui, mlaze chali na ukandamize katikati ya kifua kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, hadi msaada ufike.
- Sehemu iliyoungua imwagie maji safi ya bomba kwa dakika 20, mbali na umeme. Usipake dawa ya meno, asali wala yai.

Aliyenaswa apelekwe hospitali hata kama ngozi ina doa dogo tu, kwani umeme huweza kuunguza misuli kwa ndani na kuvuruga mapigo ya moyo. Mjamzito asisubiri dalili.

Mtoto aliyetafuna waya na kuungua pembeni mwa mdomo aangaliwe kwa wiki mbili. Kidonda kinapobanduka, mara nyingi kati ya siku ya 5 na ya 14, mshipa wa mdomo unaweza kuvuja damu nyingi ghafla. Ikitokea, bana mdomo kwa kitambaa safi, ndani na nje, na umwahishe hospitali.