Maumivu ya Majeruhi Yasingoje Hospitali

Ndugu msomaji, wengi wetu hapa Mbeya na Iringa tunakaa karibu na barabara kuu ya kwenda Tunduma. Ajali tunazijua. Tunaujua mteremko wa Kitonga. Tunaijua Inyala, na tunaujua Mlima Iwambi, ambako malori mazito hufeli breki. Tarehe 11 Machi 2015, pale Changarawe karibu na Mafinga, kontena la lori liliangukia basi la abiria. Watu zaidi ya 40 walikufa.

Tena ajali si za barabarani tu. Kule Chunya shimo la dhahabu huporomoka. Mufindi mti humwangukia mkata miti. Rungwe mtu huteleza akichuma maparachichi. Nyumbani mtoto humwagikiwa na uji wa moto.

Sasa tujiulize. Mtu amevunjika paja. Hospitali iko mbali, mwendo wa saa mbili au tatu. Njiani, nani anayatibu maumivu yake? Mara nyingi hakuna. Tunamwambia, "Jikaze, tunakaribia." Jamani, kujikaza si dawa!

Tulivyokosea sisi

Sisi wenyewe tuliwahi kukosea. Kijana mmoja wa bodaboda aligongwa, akavunjika mguu chini ya goti. Tukamnyanyua haraka, tukampakia kwenye pikipiki, mshikaki, yeye katikati. Mguu ulikuwa unaning'inia. Kila shimo la barabara alipiga kelele. Sisi tuliona haraka ndiyo huruma.

Tulipofika kituo cha afya, muuguzi hakuanza na sindano. Alileta mbao mbili na vitambaa, akaufunga mguu ule ukatulia. Kijana akaacha kupiga kelele. Sindano ilikuja baadaye. Kumbe nusu ya dawa ilikuwa ni zile mbao, nasi tungeweza kuzipata kijijini kwetu!

Kwa nini maumivu yatibiwe mapema?

Maumivu ni taarifa ya mwili. Yanatuambia kwamba kuna mahali pameumia. Lakini taarifa ikishafika, maumivu makali hayana faida tena. Moyo hwenda mbio. Mgonjwa hutapatapa. Mfupa uliovunjika hutikisika, ukachoma nyama na mishipa ya damu, na damu ikazidi kumwagika ndani. Mtu aliyevunjika paja anaweza kupoteza damu lita moja au zaidi, nasi tusiione hata tone nje. Mwenye mbavu zilizovunjika huogopa kuvuta pumzi, na pumzi fupi huweza kumletea ugonjwa wa mapafu.

Wako wanaosema, "Msimpe dawa, daktari hataona ugonjwa." Zamani hata waganga wengi wa hospitali walisema hivyo. Siku hizi imeonekana kwamba mgonjwa aliyetulizwa hupimika vizuri. Anajibu maswali na anakubali kuguswa.

Wenzetu wanafanyaje?

Katika nchi kama Uingereza, gari la wagonjwa lina wahudumu waliosomea kazi hiyo. Si madaktari, lakini wamefundishwa na wameruhusiwa kisheria kutoa dawa kali ya maumivu pale pale penye ajali. Australia, kwa miaka mingi, wahudumu wa magari hayo wamekuwa wakimpa majeruhi kibomba kidogo chenye dawa. Mgonjwa anakishika mwenyewe na kuvuta mvuke wake.

Dawa mbili zinafaa kujulikana.

Ya kwanza ni mofini. Hutokana na utomvu wa mmea uitwao mpopi. Imejulikana kwa zaidi ya miaka 200. Hutuliza maumivu makali sana. Ubaya wake ni kwamba ikizidi, mgonjwa hulegea, pumzi zikapungua, hata akafa. Kwa hiyo mtoaji huingiza kidogo kidogo kwenye mshipa, huku anahesabu pumzi. Pia anapaswa kuwa na dawa ya kuizuia ikizidi. Dawa hiyo huitwa nalokisoni.

Ya pili ni ketamini. Ilitengenezwa Marekani mwaka 1962. Baadaye ilitumika kwa askari waliojeruhiwa katika vita vya Vietnam. Hapa Tanzania hospitali nyingi huitumia kama dawa ya nusu kaputi wakati wa upasuaji. Kipimo kikiwa kidogo, hutuliza maumivu tu. Uzuri wake ni kwamba kwa kawaida haishushi sana pumzi wala nguvu ya damu, kwa hiyo humfaa mtu aliyepoteza damu. Lakini mgonjwa anaweza kuota ndoto za ajabu au kusema maneno yasiyoeleweka. Msidhani amerukwa na akili. Dawa ikiisha, naye hurudi katika hali yake.

Watu huuliza, "Je, mofini haimfanyi mtu kuwa mlevi wa dawa?" Kuitumia ovyo, bila mganga, kunaweza. Ndiyo maana hutunzwa kwenye kabati lenye kufuli na kuandikwa kwenye daftari. Sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 2015 nayo inaibana. Lakini kipimo kimoja au viwili alivyopewa majeruhi na mtaalamu havimfanyi kuwa mlevi. Tusimnyime mtu nafuu kwa hofu hiyo.

Na sisi huku vijijini?

Tuseme ukweli. Vijiji vyetu vingi viko mbali na gari la wagonjwa lenye mhudumu wa namna hiyo. Dawa hizi hazikai kila zahanati. Majeruhi wetu huja kwa bodaboda, kwa pikapu, au kwa machela mabegani mwa watu. Basi, matibabu ya maumivu lazima yaanze kwa mikono yetu, kisha yafuate ya wataalamu. Mjini Mwanza madereva wa bodaboda wamewahi kufundishwa huduma ya kwanza ili wawasaidie majeruhi. Hata sisi tunaweza kujifunza.

Mambo ya kufanya ni haya:

1. Angalieni usalama kwanza. Lori la mafuta likipinduka, msilikaribie. Mnakumbuka Morogoro, Agosti 2019. Watu zaidi ya 100 walikufa kwa moto.

2. Pigeni simu. Polisi ni 112. Zimamoto na Uokoaji ni 114.

3. Damu ikitoka, bana jeraha kwa kitambaa safi, ukandamize bila kuachia. Kama kuna kitu kimechoma ndani, usikichomoe. Bana pembeni yake.

4. Kama shingo au mgongo umeumia, msimkalishe. Mmoja ashike kichwa kisigeuke. Mlazeni juu ya ubao.

5. Fungeni mfupa uliovunjika. Tafuteni mbao mbili au mianzi. Zizungushieni khanga zisimchome. Fungeni juu na chini ya palipovunjika, si pale penyewe. Msivute wala kunyoosha mfupa. Kisha tazameni vidole. Vikiwa baridi au vimebadilika rangi, legezeni kamba.

6. Aliyeungua, mwagieni maji safi yasiyo barafu mahali palipoungua kwa dakika 20. Msimpake dawa ya meno, mafuta, wala tope. Sehemu nyingine za mwili zifunikeni, maana baridi ya huku kwetu tunaijua.

7. Mfunikeni blanketi. Mmoja akae naye na kuzungumza naye. Hofu huongeza maumivu.

Na haya tusiyafanye. Tusimpe pombe. Tusimpe aspirini, maana huongeza kutoka kwa damu. Tusimpe tramadoli wala vidonge vya kuazimana. Tusimpe chakula wala chai, kwa sababu huenda akahitaji nusu kaputi. Tusimpeleke kukandwa mfupa kabla hajapimwa.

Mkifika kwa mganga

Kama hospitali iko mbali, piteni kwanza kituo cha afya kilicho njiani. Huko wanaweza kuzuia damu, kufunga mfupa vizuri, na kumpa mgonjwa dawa ya maumivu waliyo nayo kabla hajapelekwa mbele, pengine mpaka Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya. Mmoja wenu aende polisi kuchukua fomu ya PF3. Mgonjwa atangulie.

Msiogope kuuliza kwa heshima, "Mganga, mgonjwa wetu ana maumivu makali. Amepewa dawa gani?" Jina la dawa, kipimo na saa aliyopewa viandikwe kwenye karatasi ya rufaa. Karatasi hiyo isipotee! Bila karatasi, mganga wa pili anaweza kurudia dawa ile ile, ikamzidi mgonjwa. Sasa tunajua kusoma. Tuisome.

Njiani, aliyechomwa sindano asiachwe peke yake. Tazameni kifua chake kinavyopanda na kushuka. Akisinzia sana na pumzi zikawa chache, mwiteni kwa sauti, mwambieni mhudumu mara moja.

Ndugu msomaji, ajali haipigi hodi. Mbao mbili, khanga kuukuu, blanketi na machela vinaweza kukaa ofisi ya kijiji leo hii. Gharama yake ni ndogo. Vikikosekana, anayelipa ni mwenzetu aliyevunjika, na hulipa kwa kila shimo la barabara.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Kijijini kwetu, majeruhi hubebwa namna gani? Je, ni namna nzuri?
2. Kituo cha afya kilicho karibu nasi kina dawa gani ya maumivu makali? Nani atakwenda kuuliza?
3. Nani atatunza mbao, blanketi na machela?
4. Madereva wetu wa bodaboda wanaweza kufundishwa huduma ya kwanza na nani?