Tovuti na Bohari ya Jirani

Mkongo wa baharini uliofika Dar es Salaam mwaka 2009 uliongeza kasi ya intaneti, lakini haukufuta umbali. Tovuti iliyohifadhiwa Ulaya hukawia kumfikia msomaji wa Ukerewe.

Dawa ya jambo hili ni kama Bohari ya Dawa, ambayo ina ghala la kanda hapa Mwanza ili zahanati zisifuate kila boksi Dar es Salaam. Nakala za kurasa na picha huwekwa kwenye kompyuta nyingi zilizo karibu na wasomaji. Wengi wakifungua kwa pamoja, mzigo hugawanyika.

Kamati za parokia zikumbuke: zinakiliwe taarifa za watu wote tu. Orodha za wagonjwa na wachangiaji zisiwekwe humo kamwe.