Kusoma Karatasi ya Mgonjwa wa Moyo

Juma lililopita tulisoma mkataba wa kupanga nyumba. Leo chukueni penseli, tusome karatasi anayopewa mgonjwa wa moyo atokapo hospitali. Aghalabu huandikwa kwa Kiingereza na kwa vifupisho, na ajuaye Kiingereza kidogo aweza kupotea kuliko asiyekijua kabisa.

Jirani yangu mmoja, mtu mzima, alirudi nyumbani na karatasi iliyoandikwa HF. Mwanawe akaambiwa kirefu chake, akafungua kamusi, akapata "kushindwa kwa moyo". Basi ndugu wakaitwa, na fedha za dawa zikawekwa akiba ya mazishi. Mzee alikaa siku tisa bila kidonge, miguu ikivimba, mpaka alipofika binti yake aliye muuguzi akaisoma karatasi upya.

HF haina maana kwamba moyo umesimama. Maana yake, moyo unapiga, ila nguvu zake za kusukuma damu hazitoshi kwa haja ya mwili. Maji hurundikana mapafuni na miguuni. Ni ugonjwa mzito, sikatai, lakini una dawa, na wako watu wengi waishio nao miaka.

Sasa tazameni penye EF 35%. Sisi walimu tumewazoeza kudhani kwamba 100 ndiyo alama kamili. Katika moyo sivyo. Chumba cha chini cha kushoto cha mtu mzima hujaa damu kiasi cha mililita 120; pigo moja hutoa 70 hivi, nyingine hubaki. Pigeni hesabu: ni 58 katika mia, na moyo huo ni mzima. Hakuna moyo unaojimwaga wote. Basi hiyo 35 ilinganisheni na 55 au 60. Ni pungufu, naam, ila dawa zaweza kuipandisha. Kwa hiyo msitupe karatasi za zamani.

NYHA III si kipimo cha mashine. Ni madaraja manne yaliyotolewa na chama cha moyo cha New York mwaka 1928, na daktari huyajaza kwa kumwuliza mgonjwa. Wa daraja la I hachoshwi na kazi za kawaida. Wa III hana taabu akiketi, lakini kazi ndogo tu humkata pumzi. Wa IV huhema hata akiwa amekaa. Wazee wetu wakiulizwa hali hujibu "sijambo" kwa adabu, hata kama jana walishindwa kufika chooni. Adabu hiyo huharibu kipimo. Wewe uliyemsindikiza, sema uliyoyaona.

Oedema ++ ni uvimbe, na alama zaonyesha ukubwa wake.

Mwisho, Furosemide 40 mg bd. Herufi bd ni za Kilatini: mara mbili kwa siku. Dawa hii hutoa maji kwa njia ya mkojo, na wengi huiacha kwa sababu huwaamsha usiku. Kidonge cha pili kwa kawaida chaweza kumezwa mchana, kama saa nane, mwulizeni daktari. Mpimeni mgonjwa uzito kila asubuhi baada ya haja ndogo, kabla hajala. Akiongezeka kilo 2 katika siku 3, mrudisheni hospitali, hata kama siku yake ya kliniki haijafika.

Juma lijalo tutasoma karatasi ya kipimo cha damu. Kwaherini.