Je, Wajua? Taa za Rumonge

Ilhali mnara wa Chumbe, uliojengwa mwaka 1904, huwaka ili kuviongoza vyombo viendavyo Unguja, nuru mashuhuri ya Rumonge, bandari ya wavuvi iliyo kusini mwa Bujumbura, haikujengewa mnara wa mawe, bali huelea katika Ziwa Tanganyika, ikiwaita ndagala, yaani dagaa wa ziwa hilo, waje kuvuliwa. Hapo kale mvuvi aliwasha moto wa kuni mtumbwini, akawachota samaki kwa lusenga, wavu wenye mpini mrefu. Hata ilipofika miaka ya 1950, wavuvi wa Kigiriki wakaleta nyavu kubwa za kuzungushia, na karabai zikashika mahali pa kuni. Siku hizi mitumbwi hufungwa sambamba kwa miti, wavu ukashushwa kilindini, na taa zikaning'inizwa juu ya maji hadi vijidudu vya ziwani vikusanyike, ndagala wavifuate, na samaki aitwaye mukeke awafuate ndagala. Ndipo kamba zote huvutwa kwa pamoja. Mwezi unapokuwa mpevu, mwangaza wake huwatawanya samaki, kwa hiyo wavuvi aghalabu hupumzika siku kadhaa, na ndagala wabichi huadimika sokoni.