Rangi ya Ukuta Haimtulizi Mtoto

Wenye shule huniuliza, wakuu wa zahanati huniuliza: tupake rangi gani ili watu watulie? Jibu langu ni lilelile: yoyote inayoangaza chumba na kusafishika. Hamridhiki. Mnataka ya waridi.

Imani kwamba waridi hutuliza ina chimbuko. Mwaka 1979 gereza la jeshi la majini la Marekani mjini Seattle lilipaka waridi chumba cha kupokelea wafungwa, kwa kufuata madai ya mtafiti Alexander Schauss kwamba rangi hiyo hupoza hasira. Sifa zikavuma, magereza mengine yakaiga, hadi Uswisi. Lakini je, wafungwa walitulizwa na rangi, au na chumba kilichofanywa kipya na askari waliojua kuwa jaribio linaendelea? Bila chumba cha kulinganishia, huwezi kujua. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulilinganisha wafungwa 59 katika gereza la Uswisi, wengine wakiwa katika vyumba vya waridi, wengine vya kawaida. Rangi haikupunguza ukali wao hata kidogo. Anayewauzia rangi ya utulivu anawauzia rangi tu.

Huku nyuma, kelele inawadhulumu watoto na hakuna anayeniuliza. Mwaka 1975 mtafiti Arline Bronzaft alionyesha kuwa katika shule moja ya New York iliyopakana na reli, wanafunzi wa darasa la sita wa upande wa reli walikuwa nyuma kwa karibu mwaka mzima katika kusoma, wakilinganishwa na wenzao wa upande wenye utulivu. Reli ilipowekewa mpira na madarasa dari ya kufyonza sauti, pengo hilo likafutika. Sasa fikirieni mvua juu ya bati lisilo na dari: mwalimu hasikiki, somo limekwisha. Waridi itasaidia nini hapo?

Basi, fedha ya rangi ifanye kazi. Shule: dari chini ya bati, na madarasa ya kusoma yawe mbali na barabara na mashine ya kusaga. Wodi: vitanda vielekee miti, kwa maana mwaka 1984 mtafiti Roger Ulrich aligundua kuwa wagonjwa wa upasuaji walioiona dirishani waliruhusiwa mapema kuliko waliotazama ukuta wa matofali. Msikate mwembe ili kupata maegesho. Vyumba vya wazee: viti viondoke ukutani, vizunguke meza; mtafiti Robert Sommer alifanya hivyo Kanada, na mazungumzo yakaongezeka.

Na pimeni. Hesabuni mara ambazo mwalimu anakatizwa na kelele kabla ya dari, kisha baada yake. Zisipopungua, rudini kwa fundi, si dukani kununua rangi.